Mahari Tuliyoigiza

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, geti letu hapa Njiru liligongwa mara tatu. Niliitazama saa kabla ya kuinuka, kwa sababu mgeni wa saa hiyo haji kusalimia. Watu wa magharibi, tunakotoka sisi, wakiwa na neno zito hufika kabla mwenye nyumba hajavaa viatu, ili asipate kisingizio cha kuondoka.

Nilifungua. Walikuwa watatu: mzee mwenye koti zito na kofia mkononi, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyevaa jaketi ya ngozi, na msichana aliyeshika mkoba wake kwa mikono miwili. Sikumtambua hata mmoja. Mzee aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mkwe," akasema. "Umenenepa."

"Shemeji, niaje," akasema yule wa jaketi. "Usijali, hatujakuja na ubaya."

Nina mke mmoja. Nilimwoa miaka kumi na tisa iliyopita. Baba yake na mama yake tumeshawazika, na ndugu wa kiume hana. Hakuna mwanamume aliye hai ambaye angeweza kuniita mkwe wala shemeji, na watu wawili walikuwa wameniita hivyo ndani ya nusu dakika, kwa sauti za watu wasio na shaka. Niliwakaribisha ndani kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mke wangu alileta chai. Mzee akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Chai tutakunywa neno likisha kusemwa, mama." Kisha akanigeukia. "Tumekuletea habari ya mkeo. Alituacha Jumatatu. Figo. Yuko mochari."

Birika lilikuwa bado mkononi mwa mke wangu. "Mke wake ni mimi," alisema.

"Wewe ni wa pili, mama, na hatukukatai. Wa kwanza ndiye huyo aliyelala."

Mzee alitoa mfukoni picha ya pasipoti, akaiweka mezani na kuisogeza kwa kidole mpaka ikawa mbele yangu. Nilimjua. Na nilipomjua yeye nikamjua mzee pia, na mwanamume wa jaketi nikamkisia. Nilidhani kujua kungenipunguzia hofu. Hakukunipunguzia.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita nilicheza katika filamu. Silisemi jambo hili mara nyingi. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, nikiishi chumba kimoja katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Jirani yangu, mtu aliyependa vichekesho kuliko chakula, alikuwa ameandika hadithi katika daftari la mwanafunzi. Ujumbe wa kuposa unakwenda kumlipia msichana mahari, lakini kwa kuwa nyumba za kanjo zote zinafanana, unaingia mlango usio wake. Mwenye nyumba anaona pesa. Ana binti ambaye hajaolewa, na ana madeni, kwa hiyo hawasahihishi wageni. Kuanzia hapo familia tatu zinavurugana kwa saa moja na dakika kumi.

Mimi nilicheza bwana harusi. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na suti. Kamera ilikuwa ya mtu aliyepiga harusi, na siku yake ya bure ilikuwa Jumanne, kwa hiyo tulirekodi kila Jumanne baada ya kazi mpaka mwanga ulipoisha. Asiyeweza kufika Jumanne hiyo alirekodiwa peke yake Jumanne nyingine, kisha vipande vikaunganishwa katika chumba kimoja cha Huruma ambako mashine ilikodishwa kwa saa.

Waigizaji wazee hatukuwa na uwezo wa kuwalipa. Jirani yangu akamwuliza yule dada wa picha, aliyecheza binti wa nyumba ile iliyoingiwa kimakosa na ambaye alifanya kazi saluni, kama hana mzee wa kwao anayejua kuzungumza. Akamleta baba yake mdogo. Mzee akaambiwa: "Wewe fanya tu kama unavyofanya nyumbani." Naye akafanya. Alikataa kuanza mpaka wanawake watoke. Alitukatalia bei ya kwanza, akatukatalia ya pili, akasimama kama anayetaka kutufukuza, akaketi tena. Sisi tuliokariri maneno ya daftarini tulibaki kumtazama. Pesa alizohesabu zilikuwa noti halisi, elfu tano, za mshahara wangu, kwa sababu jirani yangu alisema karatasi zingeonekana kuwa karatasi. Mzee alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso, na jioni ile akaondoka nazo. Niliambiwa hayo ndiyo malipo yake na kwamba ningerudishiwa filamu ikiuzwa. Nilinuna wiki mbili, kisha nikasahau.

Hakuna aliyemwambia mzee kwamba yalikuwa malipo.

"Zile elfu tano," alisema sasa, akiwa ameketi kwenye kiti changu, "nilimpelekea kaka yangu, baba yake. Akanunua mtamba. Yule mtamba amezaa mara saba, mkwe. Maziwa yake tumekunywa. Huyu hapa," akamwonyesha wa jaketi, "alilipiwa shule na ndama wake. Tukasema, huyo kijana wa Nairobi ana kazi nyingi, siku moja atakuja kumalizia."

"Mzee, ile ilikuwa filamu," nilisema. "Kulikuwa na kamera."

"Kamera si iko kila harusi?"

"Lakini hata mlango haukuwa wenu! Tulikuwa tumepotea njia. Ndiyo hadithi yenyewe."

Wa jaketi akacheka. "Shemeji, ulipotea njia na pesa ukiwa umezishika mkononi?"

"Na yeye alisema nini?" niliuliza. "Marehemu. Miaka yote hii hakuwaambia?"

"Alisema uko kazini," akajibu. "Kila Krismasi akija nyumbani: bwana yuko kazini, bwana amenyimwa ruhusa. Mama alikuwa anamtandikia ndani, kitanda kizuri, kama mwanamke wa mtu."

Nikaelewa. Hakuwadanganya mwanzoni, walijidanganya wenyewe, naye akaona uongo huo unampa kitanda kizuri na heshima, akauacha ukae. Nisingemlaumu. Lakini sasa uongo ule ulikuwa umefika sebuleni kwangu ukiwa umevaa koti.

Walichotaka mzee alikisema polepole. Kwao msichana asiye na mume hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje ya ua, kaburi likichimbwa bila watu wengi, na wapita njia hawasimami. Mama yake marehemu, ambaye bado yu hai, alikuwa amesema hatalikubali hilo. Binti yake alilipiwa mahari. Kwa hiyo mimi, mume, nije niuchukue mwili Ijumaa, niupeleke kwetu, niuzike katika ardhi yetu kama mke.

Nimejisomea sheria kidogo, katika vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini. Nimesoma vya kutosha kuogopa, si vya kutosha kujilinda. Nilijua kwamba kaburi katika shamba ni jambo gumu kuliondoa kuliko karatasi. Nilijua kwamba watu huulizwa familia mbili zilifanya nini, si zilikusudia nini. Shamba letu ni ekari mbili, mama yangu anaishi pale, na nusu ni ya ndugu yangu. Nikaona mbele yangu miaka ya vikao.

Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza. Ya pili ilikuwa imesimama karibu na mlango wa jikoni. Mke wangu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama yule msichana, ambaye mzee alikuwa amemtaja kuwa binti wa marehemu: masikio yake, vidole vyake, jinsi alivyoketi.

"Una miaka mingapi, mama?" akamwuliza.

"Ishirini na mbili."

Mke wangu aliweka birika chini. Midomo yake ilisogea kidogo; alikuwa anahesabu. Na yule dada mimi sikuwahi kumgusa. Nilikula naye chipsi mara mbili baada ya kurekodi, tumesimama kwenye kibanda, na mara ya pili alilipa yeye. Lakini nilipotaka kulisema hilo niligundua kwamba lilisikika kama utetezi wa mtu mwenye hatia, hata ndani ya kichwa changu. Nilianza kuichunguza kumbukumbu yangu kama mali ya mtu mwingine.

"Baba watoto," mke wangu akasema. "Hiyo filamu iko wapi?"

"Ninayo."

"Ilete. Tuione sote."

Mimi huhifadhi vitu katika maboksi yenye lebo, kwa hiyo haikunichukua dakika nne. Lakini nilikuwa sijaitazama kwa zaidi ya miaka kumi, na nilipokuwa nalifungua kasha nilitambua kwamba sikumbuki kwa hakika onyesho lile lilivyounganishwa. Kama skrini ingeonyesha mahari iliyoombwa, ikajadiliwa, ikalipwa na kupokelewa kwa taratibu zote, ningekuwa nimewapa ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe. Niliiweka diski kwenye deki huku nikitamani iwe imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Rangi zilikuwa za kijani kibichi, upepo ulivuma ndani ya kipaza sauti, na katika onyesho la pili kuku wa jirani aliingia akatembea kati ya miguu ya waigizaji, na hatukuwa na kanda ya kurudia.

"Heh! Ona nywele za shemeji!" wa jaketi akapiga kelele. "Hiyo suti ilikuwa ya nani?"

Mzee alijiona akiwa na nywele nyeusi, akaegemea mbele. Nilimwona akifurahi. Alijiona akikataa bei ya kwanza na akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hivyo ndivyo," alisema. "Hivyo ndivyo inavyofanywa." Alijiona akisimama kama anayetaka kutufukuza. Kila alichokiona kilikuwa sahihi, na kadiri kilivyokuwa sahihi zaidi ndivyo kilivyozidi kuwa ushahidi dhidi yangu. Msichana alikuwa ameuweka mkoba sakafuni. Alikuwa akimngoja mama yake atokee.

Kwenye skrini mzee aligeuka kuelekea mlango wa chumba cha ndani. "Mwanangu," alisema, "watu hawa wanasema wamekujia wewe. Pesa hii, tuile?"

Kwetu swali hilo haliachwi. Msichana lazima aulizwe mbele ya watu, na akinyamaza, kunyamaza ni kukubali.

"Nakumbuka," akasema mzee kando yangu. "Nilimwuliza. Akanyamaza."

Mimi pia nilikumbuka. Alinyamaza kwa sababu hakuwepo. Jumanne ile alikuwa saluni, na mzee aliuliza mlango mtupu. Jibu lake lilirekodiwa Jumanne nyingine ambayo mimi sikwenda, na sikukumbuka kabisa lilikuwa nini. Kama daftari lilimtaka anyamaze, au acheke, au aseme ndiyo, nilikuwa nimekwisha.

Picha ikakwama. Uso wa mzee uligawanyika kuwa miraba, sauti ikawa mkwaruzo mmoja usiokwisha. Mke wangu akaitoa diski, akaifuta kwa upindo wa leso yake kutoka katikati kwenda nje, akairudisha. Ilianza mwanzo. Nilijaribu kuipeleka mbele na kidole changu kikabonyeza kitufe kisicho sahihi, ikarudi mwanzo tena.

"Leta," mke wangu alisema, akaninyang'anya rimoti.

Nywele, suti, kuku, bei ya kwanza, bei ya pili. "Pesa hii, tuile?" Mkwaruzo kidogo. Kisha mlango ukafunguka naye akatokea, taulo begani, umri ule ule wa msichana aliyeketi sebuleni. Aliwatazama wageni mmoja mmoja.

"Hawa watu siwajui, baba," alisema. "Na mimi si wao."

Kipande kilichofuata kilimwonyesha mzee akitikisa kichwa kwa kuridhika na kuanza kuhesabu noti. Sasa nilikumbuka: hapo ndipo watu wa mtaani walipokuwa wakicheka zaidi. Ndipo penye kichekesho.

"Hilo hakulisema," mzee alisema.

"Limo, mzee."

"Hakulisema mbele yangu."

Msichana alikuwa amefunika mdomo. Nilijua fika kwamba mama yake alikuwa akisoma sentensi ya daftari. Nilijua pia kwamba kwa miaka ishirini na mitatu maisha yake yote nyumbani yalikuwa yamesimama juu ya kinyume cha sentensi ile. Nikaitumia.

"Mzee," nilisema, "kama ile ilikuwa mahari ya kweli, basi hilo ni jibu lake la kweli, na mahari inayoliwa msichana akikataa si mahari. Na kama jibu lake lilikuwa la kuigiza, basi na mahari iliigizwa. Chagua moja."

Filamu iliendelea bila mtu kuitazama. Nilijisikia mwenyewe, sauti nyembamba ya kijana, nikilalamika kwamba nimeozeshwa mke ambaye si wangu.

"Umesoma," mzee alisema hatimaye. Haikuwa sifa. Akafunua kikombe, akakinywa chote, chai ikiwa imepoa na kuwa na utando, akavaa kofia humo humo ndani ya nyumba yangu.

Yule wa jaketi alisimama. Hakuniita shemeji tena. "Sawa, boss," alisema.

Msichana alibaki nyuma. Alimwendea mke wangu kwanza. "Baba yangu namjua, mama. Alikuwa dereva wa lori, ana familia yake Eldoret. Si lazima uendelee kunikagua masikio."

Mke wangu aliinamisha uso. Kisha msichana akanigeukia.

"Naomba hiyo diski. Sina video yake yoyote akiwa kijana."

Ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilikuwa nimeitoa kwenye deki kabla hawajafika mlangoni. Niliwaza kwamba wazee wengine wangeweza kuja Jumatatu, wenye maneno mengine, na kwamba katika mikono yao inaweza kupotea au kuvunjika, na hakuna nakala nyingine ninayoijua.

"Nitakutolea nakala," nilisema. "Wiki ijayo. Ya pili yake, labda."

Aliitazama diski, kisha akanitazama mimi. "Ni ushahidi wako, sindio?"

Kunakili diski katika saiba yoyote, yaani duka la kompyuta, hapa Njiru huchukua dakika kumi. Nilijua hilo nilipomjibu.

Wiki ile niliamka kila siku kabla ya saa kumi na mbili, nikavaa viatu, nikaketi sebuleni nikiangalia geti. Mke wangu alipika, alizungumza nami kuhusu maji na umeme, na siku ya tatu aliniuliza kwa nini chipsi mara ya pili alilipa yeye. Sikuwa nimemwambia juu ya chipsi. Kumbe nilikuwa nimelisema usiku, usingizini. Jumatano nilituma mchango wa elfu tatu kwa simu, kwa mweka hazina wa kamati ya mazishi ambaye namba yake niliipata kwa watu. Hakujibu. Jumamosi walimzika, na sikwenda.

Nakala nilimpa msichana siku kumi na tano baada ya asubuhi ile. Tulikutana kwenye stendi ya Njiru, mchana, watu wakipita na mifuko ya saruji. Aliipokea bila kuitazama akaitia mkobani. Nilimwuliza alizikwa wapi.

"Nje ya ua," alisema. "Karibu na mikaratusi ya jirani. Mzee alirudi akawaambia alichokiona. Hakuongeza, hakupunguza. Cucu—" alijikosoa, "nyanya hakutoka nyumbani. Alisikia tu udongo."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mtu aliyefanya kazi ya stoo miaka yote hii ana mazoea yake, na nilikuwa naogopa ukimya ule kuliko nilivyoogopa kuonekana mbaya. Nikamwuliza mazishi yaligharimu kiasi gani.

"Ya nini? Unataka kujua uliokoa ngapi?"

Msichana alitoa simu, akatafuta ujumbe wa kamati, akanisomea kwa sauti kama anayesomea darasa: jeneza, mochari, basi la kwenda magharibi, hema na viti, chakula, wachimbaji. Gharama zote, ambazo kwa desturi zingekuwa za mume, zilifika laki moja themanini na sita elfu na mia nne. Akafunga simu, akaniambia kwaheri kwa adabu, akavuka barabara.

Nilitembea mpaka nyumbani nikilihesabu. Ukitoa elfu tatu nilizochanga, niliokoa shilingi laki moja themanini na tatu elfu na mia nne.